Redio Tano, Ajali Moja: Nani Anamsikia Nani?

Barua za safu hii mara hii zimetoka kwa watu wa uokoaji: Zimamoto, manahodha, mafundi redio, wajumbe wa kamati za maafa. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: taasisi nyingi zikifika kwenye ajali moja, zitasikilizanaje kwa redio? Tumechagua sita.

Polisi wana redio zao, Zimamoto wana zao, hospitali ina zake za magari ya wagonjwa, bandari nayo ina zake. Lori la mafuta lilipopinduka kwetu, kila mmoja aliongea na watu wake tu, na yaliyobaki yalipita kwenye simu za mkononi. Sasa mfadhili yuko tayari kutununulia redio mpya 40. Tuombe za aina gani?
*Mjumbe wa kamati ya maafa ya wilaya, Tanga*

Ndugu yetu, msiombe bado. Redio 40 mpya bila mpango zitakuwa kundi la tano lisilosikika na yale manne ya mwanzo.

Anzeni na karatasi. Mmoja wenu apite kila taasisi akiwa na fundi anayeziprogramu redio zao, na kwa kila chaneli aandike haya: masafa ya kupokea, masafa ya kurusha, upana wa chaneli (kHz 12.5 au 25), toni inayotumika, kama ni analogi au dijitali na dijitali ya aina gani, na ripita (mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya mbali zaidi) iko mlima gani. Kazi hiyo ni ya siku mbili au tatu. Ikiisha mtajua tatizo lenu ni lipi. Kama wengine wako VHF (MHz 136 hadi 174) na wengine UHF (MHz 400 hadi 470), redio ya bendi moja haiwezi kumfikia wa bendi nyingine hata wakisimama bega kwa bega. Kama wote wako VHF ila mmoja amehamia dijitali, wa analogi atasikia mlio wa kukwaruza tu. Na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, redio zote zina uwezo wa kusikilizana tangu siku zilipotoka dukani. Hakuna tu aliyewahi kuziwekea chaneli ya pamoja.

Kisha pandeni ngazi kwa ngazi. Ya kwanza haina gharama: kila taasisi inatoa afisa mmoja mwenye redio ya kwao, akasimame karibu na kiongozi wa tukio na asibanduke hapo. Wanne wakisimama kwenye boneti ya gari moja, taarifa ya Polisi inamfikia wa Zimamoto kwa sekunde tano. Hii mnaweza kuianza kesho.

Ngazi ya pili ni sanduku la redio za akiba, nane hivi, za aina moja, zenye namba zilizobandikwa na daftari la kusaini. Anayefika bila chaneli yenu anapewa moja.

Ya tatu ndiyo tunayoisisitiza: chaneli ya pamoja, analogi, ya moja kwa moja bila ripita, kHz 12.5, iliyowekwa kwenye kila redio ya kila taasisi, kwa jina lilelile na kwenye namba ileile ya swichi. Ikiwa kwa Polisi ni chaneli ya 16 na kwa hospitali ni ya 3, gizani na kwenye moshi hakuna atakayeipata. Tunasema analogi bila ripita kwa sababu haitegemei mnara, umeme wala ufunguo wa siri. Masafa yake ombeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mpewe kwa jina la kamati. Msiazime ya taasisi moja kwa mdomo. Mwenye leseni ndiye anayewajibika, na bila barua yake ya idhini mtakuwa mnarusha kinyume cha sheria.

Chaneli moja haitoshi, na hesabu ni rahisi. Saa moja ina dakika 60. Redio 60 kwenye chaneli moja zinapata dakika moja kila moja, na ukiondoa kimya kati ya mtu na mtu na maneno yanayorudiwa, ni nusu dakika. Tengeni angalau tatu: Uongozi, Kazi, na Wagonjwa. Kwenye Uongozi wawe wakuu peke yao, watano hadi saba. Wabeba machela wakiingia humo, kiongozi wa tukio hatapata nafasi ya kusema neno. Wamarekani huandika mgawanyo huu kwenye fomu ya ukurasa mmoja waiitayo ICS 205, yenye mstari mmoja kwa kila chaneli: jina, kazi yake, masafa, toni, maelezo. Chapisheni ya kwenu kwenye kadi ngumu mkaibandike ndani ya kioo cha kila gari.

Kuhusu mfadhili: mwombeni redio nane za akiba badala ya 40, betri ya pili kwa kila redio ya mkononi mliyonayo, redio mbili za gari za W 25 (moja VHF, moja UHF) zifungwe kwenye gari la uongozi na ziwe na mwendeshaji wake, na fedha za mafundi kuprogramu upya zilizopo. Mwendeshaji anayesikia upande huu na kurudia upande ule ni daraja la polepole, lakini ndilo tunaloliamini kuliko sanduku lolote. Mfumo mmoja wa nchi nzima kama TETRA ni mzuri, ila unahitaji minara mingi, bajeti ya serikali na miaka. Lori jingine halitasubiri.

Nawasikia vizuri, wao hawanisikii kabisa. Redio ni mpya.
*Askari wa Zimamoto, Mwanza*

Karibu kila mara ni toni. Ripita imewekewa toni isiyosikika na sikio, tuseme Hz 100.0, na haifunguki mpaka iisikie. Redio yako inarusha 103.5 au haina toni yoyote, lakini upande wa kupokea iko wazi, ndiyo maana unasikia kila kitu. Sogea mahali unapouona mnara kwa macho, bonyeza kitufe sekunde mbili, achia. Ukisikia mkia wa ripita ukibaki hewani kidogo, programu ni sahihi na shida yako ni umbali au antena. Usiposikia kitu, rudisha redio kwa fundi akague toni, kisha masafa ya kurusha, maana wengine huyageuza yakawa juu badala ya chini.

Wakikusikia kwa sauti ndogo kana kwamba uko ndani ya mtungi, wewe uko kHz 12.5 na wao 25. Wakikusikia sauti inapasuka, ni kinyume chake.

Naendesha boti ya abiria kati ya Unguja na Pemba. Nikiita chaneli 16, Zimamoto walioko ufukweni hawanisikii, na ndege ikizunguka juu yetu nayo haisikii. Kwa nini tusiwe na chaneli moja ya wote?
*Nahodha, Mkokotoni*

Nahodha, hapa kuna vizuizi viwili tofauti. Chaneli 16 ni MHz 156.800. Redio ya nchi kavu ya VHF ina uwezo wa kufika hapo, lakini chaneli za bahari zimetengwa kwa vyombo vya majini na vituo vya pwani. Dawa si kuzipachika kimyakimya kwenye redio za Zimamoto. Dawa ni kikosi cha ufukweni kuwa na redio ya bahari halisi, yenye kibali, mkononi mwa mtu mmoja aliyefundishwa. Huyo ndiye masikio ya nchi kavu.

Ndege ni jambo jingine. Redio za ndege hufanya kazi kati ya MHz 118 na 137 kwa mfumo wa AM, na yako ni FM. Hata masafa yangelingana, msingesikilizana sawasawa. Dharura ya anga ni MHz 121.5, na kwenye eneo la uokoaji hutumika 123.1. Meli za abiria zinazofuata SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini, hubeba redio ya ziada ya masafa hayo mawili. Ndege nyingi za uokoaji nazo hubeba redio ya bahari, na chaneli ya kukutana nazo ni 16 au 6 (MHz 156.300). Kwa hiyo ukiiona ndege ya uokoaji juu yako, iite kwenye 16, kisha ijaribu kwenye 6. Ndege ya abiria inayopita zake haitakusikia.

Angalia na kitufe chekundu cha redio yako. Kinarusha wito wa dharura wa kidijitali kwenye chaneli 70, wenye namba ya chombo na mahali kilipo. Hakifanyi kazi kama redio haijaingizwa namba ya MMSI yenye tarakimu tisa, na hakitumi mahali kama waya wa GPS haujaunganishwa. Tanzania namba hizo huanza na 674 au 677, Kenya 634. Fungua menyu leo uangalie. Ukikuta nafasi tupu, boti yako itapiga kelele bila jina wala anwani.

Umbali nao upige hesabu kabla ya safari. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena yako kwa mita, jumlisha na cha antena ya upande wa pili, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Redio mbili za mkononi zilizo mita 2 juu ya maji hufika kilomita 11 au 12. Redio ileile ikiongea na antena iliyo mita 50 juu hufika kilomita 35. Antena ikiwa juu zaidi inakufaa kuliko wati zaidi, ila waya wake usiwe wa hovyo: mita 30 za RG-58 hula robo tatu ya nguvu, na W 25 zako zinafika juu zikiwa W 6. RG-213 ya urefu huohuo inakuachia zaidi ya nusu.

Na wavuvi msiwasahau. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43, waliofika mwanzo ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Watu 24 waliokoka. Mpango wowote wa majini usio na namba za viongozi wa mialo, na redio mbili tatu zilizowekwa kwao, umeacha nje kikosi cha kwanza.

Nimeunganisha ripita ya VHF ya kaunti na ripita ya UHF ya ambulensi kwa kisanduku cha kuunganishia. Kila mtu akiachia kitufe, ripita zote mbili zinaendelea kuwashana zenyewe mpaka nizime umeme. Kosa liko wapi?
*Fundi, Mombasa*

Zinarushiana mpira. Mtu wa VHF anapoachia, ripita yake hubaki hewani sekunde mbili au tatu. Kisanduku kinadhani huo mkia ni mtu anaongea, kinawasha UHF. Mkia wa VHF ukiisha, UHF nayo inaacha mkia wake, kisanduku kinawasha VHF. Hazina sababu ya kukoma.

Punguza mkia wa ripita zote mbili mpaka sifuri. Kama mwenye ripita hakubali, iwekwe irushe toni pale tu mtu anapoongea, na kisanduku chako kifunguke kwa toni badala ya wimbi tupu. Mkia ukiwa hauna toni hautapita. Njia ya tatu, tunayoipenda zaidi kwa tukio la siku moja: usiunganishe ripita kwa ripita. Unganisha ripita moja na chaneli ya moja kwa moja isiyo na mkia.

Ukishatuliza hilo, weka kikomo cha kurusha cha sekunde 60 ili kitufe kilichokwama kisizibe pande zote mbili. Redio za kisanduku zishushe hadi W 10 au chini, kwa sababu redio ya gari haikutengenezwa kurusha nusu ya siku. Kwa W 25 itachemka. Antena zake zitenganishe mita 3 au zaidi, moja juu ya nyingine. Sauti ipime kwa mlio wa kHz 1: kwenye chaneli ya 12.5 mkengeuko wa masafa uwe kHz 1.5, kwenye ya 25 uwe kHz 3. Halafu tangaza hewani, pande zote: "Chaneli hizi zimeunganishwa." Watu wasipojua, fundi mwingine ataziunganisha mahali pengine, na hapo mtapata duara lisilo na mlango.

Mwisho, wafundishe watumiaji kubonyeza, kuhesabu moja, ndipo waongee. Kila kiungo kwenye mnyororo kinahitaji muda wa kuamka. Kwa nini hilo ni hatari zaidi kwetu kuliko kwa Waingereza, soma jibu la barua inayofuata.

Huku kwenye Ziwa Tanganyika tunakutana na waokoaji kutoka Burundi na Kongo. Wote tunasema Kiswahili, lakini kwenye redio tunapishana vibaya. Tutumie kodi za namba?
*Mratibu wa kujitolea, Kigoma*

Kodi za namba ziacheni. Kila jeshi na kila kampuni ya ulinzi ina zake, na namba ileile huku ni "nimefika", kule ni "nahitaji msaada". Maneno ya kawaida yanatosha, mkijua Kiswahili kinapochanikia hewani.

Jambo la kwanza ni kukanusha. Kiingereza kina neno zima la kukataza. Sisi tunakanusha kwa silabi moja, tena iliyo mwanzoni mwa kitenzi: *msiingie*, *hatujamaliza*, *hakuna*. Mtu akiongea kabla redio haijaamka, silabi hiyo ndiyo inayokatwa. "Msiingie" inafika "...ingie". "Hatujafika" inafika "...jafika". Amri ya kuokoa maisha inageuka kuwa kinyume chake, na aliyesema anaapa kwamba amesema sawa. Kwa hiyo amri yoyote isianze na kitenzi. Anzeni na majina, anayeitwa kisha anayeita: "Boti Tatu, hapa Uongozi." Na katazo lipewe neno lake zima, lirudiwe: "Marufuku kuingia. Bakini nje. Marufuku kuingia." Anayepokea asijibu "sawa". Arudie maneno: "Boti Tatu tunabaki nje."

La pili ni saa. "Saa nane" kwa Mtanzania ni mchana baada ya chakula au usiku wa manane. Upande wa Kongo wako wanaosoma saa kama ilivyoandikwa kwenye mshale, na kwao saa nane ni asubuhi. Hapo mnapishana saa sita nzima. Hewani tumieni saa 24, tarakimu moja moja: "moja-nne-sifuri-sifuri". Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, basi afadhali kadi ya mpango iseme mnafuata saa ya nchi gani.

Tatu, namba. Kwenye mlio wa injini, *nne* na *nane* zinafanana, *sita* na *saba* zinaanza sawa. Taja namba nzima kisha tarakimu: "majeruhi kumi na nne, moja-nne". Majina ya wito yawe na taasisi ndani yake, kama Zimamoto Mbili au Polisi Moja, kwa sababu "Alfa Moja" mtakuwa nao watatu. Chagueni pia neno moja la mwokoaji aliyekwama mwenyewe. Tunashauri "Mayday", kwa kuwa majini linajulikana tayari. Likisikika, wote wanyamaze, na mwendesha chaneli aulize manne: nani, wapi, amepatwa na nini, ana hewa au nguvu kiasi gani.

Polisi wanasema hawawezi kutuingiza kwenye redio zao kwa sababu ni za siri. Je, wana haki? Na umeme ukikatika tufanyeje?
*Mkuu wa zamu, Zimamoto, Arusha*

Mkuu, wana haki kwa sehemu. Chaneli ambayo askari anafuatilia mhalifu mwenye silaha haifai kusikika nje, wala ninyi hamuihitaji. Mnachohitaji ni chaneli ya pamoja iliyo wazi na afisa wao kwenye meza yenu. Kumnyima Zimamoto hayo mawili hakuna haki yoyote.

New York, Septemba 11, 2001, jengo la kusini lilianguka saa 3:59 asubuhi kwa saa za huko, la kaskazini saa 4:28. Kati ya nyakati hizo marubani wa helikopta za polisi walionya kwenye redio ya polisi kwamba hata la kaskazini lingeweza kuanguka. Zimamoto walikuwa na redio nyingine, na kwenye kituo chao cha uongozi hapakuwa na afisa wa polisi wa kuwafikishia. Wazima moto 343 walikufa siku hiyo. Kwenye majengo hayo palikuwa na ripita yao maalumu. Kitufe kimoja cha kuiwasha hakikubonyezwa, wakuu walioko jengo la kaskazini wakadhani imekufa, wakaiacha. Nairobi, Septemba 21, 2013, ndani ya jengo la maduka la Westgate lililovamiwa na magaidi, polisi wa kikosi cha Recce na wanajeshi walirushiana risasi wao kwa wao, afisa akapoteza maisha. Haya yaandikeni kwenye barua ya kuomba chaneli ya pamoja. Pia kubalianeni kwamba humo hakuna kutaja majina ya majeruhi wala mahali askari walipojificha, na Polisi watakuwa na sababu chache za kukataa.

Kwa watu wenu walio ndani ya moto, wabaki analogi ya moja kwa moja. Dijitali hugeuza sauti kuwa namba, na kelele za msumeno au king'ora cha mtungi wa hewa vikichanganyika na sauti, maneno hutoka bila maana.

Umeme sasa. Redio ya mkononi yenye betri ya mAh 2,000 inaandikwa saa 14, kwa kudhani unarusha asilimia 5 tu ya muda. Kwenye ajali kubwa unarusha asilimia 20 na kusikiliza 30, na betri ileile inakufa baada ya saa tano. Zamu ya saa 12 inataka betri tatu, au mbili na chaja ya gari. Ripita ya W 50 hula ampea 10 ikirusha na 1 ikitulia. Nusu kwa nusu ni 5.5, kwa saa 24 ni Ah 132. Betri za asidi usizishushe chini ya nusu, hivyo funga tatu za Ah 100. Mkikosa fedha, shusheni ripita hadi W 25. Hakuna atakayelalamika, kwa sababu kinachokata mawasiliano ni redio ya mkononi ya W 5 inayojitahidi kupanda mlimani, wala si ripita inayoteremka. Na jenereta ya mlimani iwashwe kila wiki ikiwa imebeba mzigo wa ripita, dakika 30, kisha mafuta yaliyotumika yajazwe kabla fundi hajashuka.